Waliokula Chumvi Nyingi

Sijaongeza chumvi, ingawa hapa Mchinga
chumvi ndicho kitu tusichokikosa.
Bwawa la nne lilikuwa jekundu
kama maji ya kwanza ya kufulia kanga mpya,
nami, mwaka wa kumi na tisa nikikokota reki,
nilijua jambo moja tu: rangi hii ikishaiva,
siku tatu, nne, sakafu itaanza kuota meno.
Damu ya bwawa, tuliiita. Tukapita.

Akaja Fidea wa Ndanda, buti za kuazima,
chupa kumi na mbili ndani ya katoni ya juisi.
Akachuchumaa ukingoni, akayachota maji
kama anayeiba yai chini ya kuku aliyeatamia.
"Dada Somoe, rangi hii ni watu," akasema.
Akacheka, akajirekebisha: "Viumbe. Arkea."
Bakteria? Siyo.
Wadudu? Siyo.
Ukungu, kama wa mkate? Siyo, dada.
Ukoo wao peke yao, wa kale
kuliko jani, kuliko samaki, kuliko mfupa.
Kwetu mtu mzima husifiwa kwamba kala chumvi nyingi.
Hawa je, tuwaamkieje?

Darubini aliisimamisha juu ya kreti la soda.
Mwanzoni niliona kope zangu tu.
Halafu, miraba.
Myembamba, kona nne, bapa kama stempu:
mabwawa yetu yenyewe, mtu kayakunja
kayatia ndani ya tone.
Nani kawapimia kamba?
Sisi kunyoosha pembe za bwawa moja
tuligombana wiki nzima.

Tukila mihogo akanitajia ndugu zao.
Wako wanaokaa kwenye maji yanayotokota,
yakipoa kidogo wanazizima.
Wako wanaoogelea kwenye tindikali
ambayo ingekula sufuria na mfuniko wake.
Wako chini kabisa ya bahari, penye nyufa za moto,
ambako jua ni uvumi.
"Na wengine wako pale." Akaonyesha mikoko,
tope jeusi lililomeza kandambili ya Mwanaidi.
Kwa hao hewa yetu ni sumu;
wao hutoa gesi, povu moja moja, bwu, bwu, kama uji mzito.
"Hata tumboni mwa mbuzi wako wamo."
Nikamtazama mbuzi upya. Anatafuna tu.

Nikamuuliza: humu wanaishije?
Mimi visigino vimepasuka hadi
sarafu ya hamsini inasimama kwenye ufa
(hapo pia sijaongeza).
"Vitabuni wameandika *mazingira magumu*," akasema.
"Magumu kwa nani, sasa?"
Akalichukua tone lao, akalidondoshea maji ya kisima,
maji matamu, yale ninayoyafuata
kilomita mbili na dumu kichwani.
Nikachungulia.
Mraba ukavimba. Ukawa duara.
Ukapasuka.
Wa pili. Wa tatu. Kisha uwanja mtupu.

Nilikumbuka miezi mitano kwa mwanangu Arusha,
sofa, bomba la ndani, maziwa kila asubuhi,
nilivyovimba miguu bila ugonjwa,
daktari akatafuta jina, akalikosa.

Sasa ni Novemba, wingu limekaa upande wa Rutamba
na tunakomba usiku na mchana kabla halijashuka.
Fidea alisema chumvi ikiganda wengine hufungiwa humo,
kila mmoja na kijichumba chake cha maji,
wanangoja. Miaka mingapi?
Alisita kutaja. Alisema tu, "Mingi, dada."

Nimeshona magunia arobaini na moja.
Sindano imenichoma mara mbili, pakawasha, nikaendelea.
Wiki ijayo kuna mtu Nachingwea
atabana punje kwa vidole viwili
aziachie juu ya yai la moto,
bila kubisha hodi.